Natuma nyimbo kila jioni, mbona marafiki hawasikilizi?

Swali limetoka kwa mwalimu kijana wa Arua. Ana kundi la WhatsApp la watu 46 aliosoma nao, sasa wametawanyika Kampala, Gulu, Mbarara, wengine Juba. Kila jioni huwatumia nyimbo tatu au nne anazozipenda. Wanamjibu kwa kidole gumba, au wananyamaza. Mmoja amemlalamikia kwamba anawamalizia data, mwingine amemwita mwizi wa jasho la wasanii. "Siku moja tu," anaandika, "niliona watu wanasikiliza kweli. Nilituma rekodi ya simu ya mjomba akipiga adungu, kinubi cha kwetu, kwenye arusi ya dada. Wakazungumza mpaka usiku. Nifanyeje ili nyimbo nyingine nazo zisikilizwe, na je, nakosea nikizituma?"

Mwalimu wangu,

Jibu la swali lako la kwanza unalo tayari, liko katika ile rekodi ya mjomba. Umeninakilia hata maneno uliyoandika chini yake: "Huyu ni mjomba, kaka wa mama, wa Nebbi. Adungu hiyo aliichonga mwenyewe. Sikilizeni anavyomwita bibi arusi kwa nyuzi kabla hajafungua mdomo." Hayo tu. Nikaangalia orodha ya nyimbo nyingine ulizotuma mwezi huo, zaidi ya tisini, na hakuna hata moja iliyopewa neno lolote. Umezitupa kundini kama mtu anayemwaga mahindi uani, halafu unashangaa kuku wamelala.

Kwetu mgeni akiaga haonyeshwi mlango. Anasindikizwa, pengine hadi njia panda, na mazungumzo mazuri kuliko yote mara nyingi huwa ni yale ya njiani. Neno hilohilo wapigaji wanalitumia kwa gita linalomfuata mwimbaji: linamsindikiza. Wimbo unaomtumia rafiki unahitaji hayohayo. Utembee nao hatua chache mpaka afike mahali anapoweza kuendelea peke yake.

Mimi nilikulia Malaba, mpakani, ambako redio yetu ilishika Kampala, Nairobi, na usiku hewa ikitulia hata Dar es Salaam. Tulinunua kadi za salamu, tukaandika majina ya tunaowasalimia na wimbo tunaouomba, tukazipeleka posta. Wiki zilipita. Siku kadi yako iliposomwa, mtangazaji alitaja jina lako, majina ya shangazi na marafiki zako mmoja baada ya mwingine, ndipo akaweka wimbo. Nyumba nzima ilinyamaza. Wimbo wenyewe tungeweza kuusikia dukani siku yoyote, lakini huu ulifika umebeba majina ya watu. Nimefanya kazi ya redio na ya kurekodi sauti zaidi ya miaka ishirini, na sijaona njia ya kushirikiana muziki iliyozidi hiyo. Simu imeondoa wiki za kungoja, jambo jema sana. Bahati mbaya tumeyaacha na majina.

Basi anza na idadi. Nyimbo nne kila jioni ni nyingi mno, hata kwa anayekupenda. Tufanye hesabu, kwa sababu yule aliyelalamikia data ana haki. Wimbo wa dakika nne katika faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde una karibu MB 4. Nyimbo nne ni MB 16, kwa mwezi ni kama MB 480. Ukituma mafaili ya kilobiti 320 mwezi unapita GB 1. Hiyo ni data ya mtu ambaye hakuomba kitu, na kama simu yake imewekwa ijipakulie yenyewe, inaondoka hata akiwa amelala. Uganda data haijawahi kuwa jambo dogo. Mwaka 2018 tuliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ilipoondolewa ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Watu wengi wamezima kujipakulia. Kwa hiyo wimbo wako unapofika, rafiki anaona mduara wenye mshale na ukubwa wa faili, na katika sekunde hiyo anaamua kama unastahili bando lake. Umempa sababu gani ya kuubonyeza?

Sababu ndiyo maneno yako. Yasizidi sentensi tatu, na sentensi mojawapo imwambie sikio aliweke wapi. Nitakupa mfano. Una marafiki Gulu. Unaweza kuwatumia Geoffrey Oryema bila neno, wakaona jina, wakasema "wa zamani huyo," wakapita. Au unaweza kuandika hivi: "Mwaka 1977 baba yake, waziri, aliuawa chini ya Amin, na yeye akavushwa mpakani akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari. Miaka 13 baadaye, akiishi Ufaransa, alirekodi albamu iliyojaa Kiacholi. Sikiliza lukeme, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, peke yake kwanza, sauti iache." Mtu aliyesoma hayo hafungui tena faili tu. Anafungua buti ya gari. Na yule ambaye bibi yake alipiga lukeme atakujibu, nakuhakikishia, na jibu lake halitakuwa kidole gumba.

Hapo kuna jambo ambalo watu wa nchi yetu tunalisahau. Katika kundi lako kuna Walugbara, Waalur, Waacholi, Waganda, labda Wanyankole. Mnaelewana kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini nyimbo haziji kwa lugha hizo mbili tu. Chukua kadongo kamu, muziki wa Waganda unaoimbwa kwa Luganda. Jina lenyewe ni gita moja dogo, na uzuri wake wote umo katika hadithi: mafumbo, mitego ya maneno, mtu anayesimulia kifo au ndoa kwa muda mrefu bila kuchoka. Paulo Kafeero, aliyefariki 2007, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mganda anasikia riwaya nzima. Mtu wa Arua asiyejua Luganda anasikia gita linalojirudia, na baada ya dakika mbili anazima. Yeye hana kosa. Ukimtumia wimbo wa namna hiyo, msimulie kisa kwa Kiswahili chako mwenyewe kabla hajasikiliza, na kama hukielewi vizuri, muulize Mganda mmoja katika kundi akieleze yeye. Nimeona kundi lililokufa likifufuka kwa ombi moja tu la "tutafsirie." Watu wanapenda kuulizwa lugha yao.

Nyimbo za Lingala hazidai hivyo. Sisi sote tumezicheza miaka na miaka bila kujua neno. Mwambie tu sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, linaanza dakika ya ngapi. Na Jose Chameleone, ambaye alianzia kazi Nairobi na kuchanganya Kiswahili na Luganda tangu mwanzo, anapita Arua, Kampala na Juba bila mkalimani. Nyimbo za namna hiyo ni nzuri za kuanzia kwa rafiki ambaye bado hujajua sikio lake likoje.

Sasa kuhusu kundi lenyewe. Watu 46 ni mkutano, na mkutanoni kila mtu anangoja mwingine ajibu. Kama ningekuwa wewe, nyimbo nyingi ningezipeleka kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu moja iliyo wazi: "Nimeusikia nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukipiga ngoma ya shule." Rafiki aliyechaguliwa anasikiliza. Kundini ningebakiza wimbo mmoja kwa wiki, siku na saa inayojulikana, tuseme Ijumaa saa tatu usiku, wakati watu wameshakula na walio kazini wamerudi. Itangaze mapema ili anayetaka apakue penye intaneti ya bure. Saa ikifika kila mmoja abonyeze, halafu mzungumze. Zamu ya kuchagua izunguke. Usiishike wewe hata kama una nyimbo nyingi kuliko wote.

Niruhusu pia nikuambie jambo ambalo pengine hukulitarajia. Katika barua yako yote, ndefu na nzuri, hukutaja wimbo hata mmoja uliotumiwa na mwingine. Inawezekana hakuna anayetuma. Inawezekana pia wanatuma na wewe ndiye hubonyezi. Wiki mbili zijazo usitume kitu. Waulize watatu kati yao: siku hizi unasikiliza nini asubuhi ukienda kazini? Usikilize walichotaja mpaka mwisho, hata kama ni kitu usichokipenda, kisha waambie ulichokisikia. Ukianza tena kutuma baada ya hapo, utakuwa unajua nani anapenda ngoma nzito, nani anataka maneno, nani amefiwa na hataki kelele mwezi huu. Kujua hayo kunazidi uchaguzi wowote wa nyimbo unaoweza kuufanya ukiwa peke yako chumbani.

Kuhusu ufundi nitaenda haraka, ila kuna mambo yanayoua wimbo kabla haujafika. La kwanza ni kucheza wimbo kwenye simu moja na kuurekodi kama ujumbe wa sauti kwenye simu nyingine. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, unabana kila kitu kisicho sauti ya mtu, na spika ya simu tayari imeshakula besi yote. Adungu kubwa, ile inayotoa sauti za chini, haitabaki hata kivuli. Video nazo WhatsApp huzibana. Faili zuri litume kama hati, kwa alama ile ya kibanio, litafika kama lilivyotoka. Nakala ya faili haipotezi kitu, hata ikipita simu mia. Linaloharibu ni kulibadilisha umbo tena na tena, kutoka video kwenda MP3, kutoka MP3 kwenda ujumbe wa sauti. Na mtu akikuuzia faili la 128 lililogeuzwa kuwa 320, amekuuzia ukubwa tu. Kilichokwisha potea hakirudi.

Kabla ya kutuma, tazama jina la faili. Nyimbo zilizopakuliwa hovyo huja na jina la tovuti fulani pale ambapo jina la mwimbaji lingekaa. Ligeuze: mwimbaji kwanza, wimbo, mwaka kama una hakika nao. Ni kazi ya nusu dakika, lakini miaka mitano ijayo, rafiki akiukuta katika memori kadi ya zamani, atajua ni nani aliyeimba.

Nisisitize hapo, kwa sababu jambo hili liliniumiza. Zamani nilisambaza rekodi ya kaseti niliyoipenda sana, nikaandika jina la mwimbaji mashuhuri ambaye sauti ilifanana na yake. Nilikuwa na uhakika wa mtu asiyeuliza. Miezi kadhaa baadaye mwanamke akanipigia simu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba aliyeimba ni marehemu baba yake, na kwamba hiyo ndiyo rekodi pekee ya sauti yake waliyobaki nayo. Nikatuma masahihisho kila mahali nilipokumbuka. Hayakufika popote. Wimbo ulikuwa umeshasambazwa kutoka kundi hadi kundi, na masahihisho hayana mguu wa kuufuata wimbo. Hata leo naukuta ukiwa na jina lile la uongo nililolibandika mimi. WhatsApp huruhusu ujumbe mmoja kusambazwa hadi mazungumzo matano kwa mara moja, na ukishasambazwa sana unabanwa kwenye mazungumzo mamoja, lakini hata mmojammoja unatosha kuvuka nchi. Kama hujui aliyeimba, andika "simjui mwimbaji, anayemjua atuambie." Maneno hayo yameleta majina mengi zaidi kuliko kubahatisha.

Sasa lile la wizi. Rafiki yako hakusema upuuzi. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Philly Lutaaya, aliyesimama mbele ya nchi mwaka 1989 akasema ana virusi vya Ukimwi wakati hakuna maarufu mwingine hapa aliyethubutu, alifariki Desemba mwaka huohuo. Ukihesabu, nyimbo zake zinalindwa mpaka 2039. Kwa hiyo hoja ya "huu ni wa zamani, ni wa wote" mara nyingi si kweli. Sheria inaacha nafasi kwa matumizi ya mtu binafsi, faragha. Kumpa rafiki mmoja asikie kwa mara ya kwanza, moyo wangu haunisuti. Kumwaga albamu nzima iliyotoka wiki hii kwa watu 46, kila mmoja aipeleke kwingine, hapo naungana na rafiki yako: msanii aliyelipia studio kwa mkopo amenyang'anywa soko lake.

Kanuni ninayoifuata mimi ni hii. Mwanamuziki aliye hai, ambaye wimbo wake uko YouTube, Boomplay, Audiomack au Spotify (hii ilifika Uganda Februari 2021), natuma linki. Kusikilizwa kwake kunahesabiwa, na hata kama malipo ni madogo, hesabu hiyo ndiyo anayoionyesha kwa waandaaji wa tamasha. Usidharau hesabu. Mwaka 2014 Eddy Kenzo alikuwa kijana wa Kampala ambaye nje ya mipaka yetu wachache walimjua. Video ya watoto wa Ghetto Kids wakicheza wimbo wake ilipitishwa kutoka rafiki hadi rafiki mpaka ikaizunguka dunia, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya BET Marekani. Waliofanya kazi hiyo ni watu kama wewe, kila mmoja akimwambia mwenzake "hebu tazama hawa watoto."

Lakini linki ina gharama yake kwa msikilizaji. Video inakula data mara kadhaa ya sauti, na akirudia kesho atalipa tena, wakati faili lilipakuliwa mara moja. Kwa hiyo nikimtumia linki mtu ninayejua hana uwezo, naichagua ya sauti tupu, na wakati mwingine namnunulia bando la shilingi mia chache niliambatanishe. Linki za Facebook ziache. Tangu ilipofungwa hapa Januari 2021, kabla ya uchaguzi, mtu anahitaji VPN kuifungua, na wewe unataka mlango ulio wazi. Kionjo kifupi kwenye stetasi, chenye linki kando yake, kinafaa sana. Kinakaa saa 24, hakimlazimishi mtu, na anayependa anakuja mwenyewe kuuliza.

Nimebakiza mjomba, kwa makusudi.

Rekodi ile ni mali adimu kuliko zote ulizonazo, na ningependa uiangalie kwa macho hayo. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi hii miaka ya 1940 na 1950 akirekodi wapigaji wa makabila mengi. Nakala za kazi yake zimerudishwa Makerere, na wajukuu wanaweza kwenda kuwasikia mababu. Upande wenu wa nchi, muziki wa o'di, ala ya nyuzi ya Wamadi, uliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wanaoujua ni wazee na wanaojifunza ni wachache. Adungu ina afya zaidi, inapigwa mashuleni, na makanisani kila Jumapili. Hata hivyo mkono wa mjomba wako ni mmoja tu, na adungu aliyoichonga kwa ajili ya mkono huo hakuna mwingine anayeipiga hivyo.

Mwendee likizo ijayo. Mwambie marafiki zako walivyomzungumzia mpaka usiku, mtajie hata waliyosema, kwa kuwa haki hiyo ni yake. Muulize kama anakubali arekodiwe tena na asikike na watu asiowajua. Mjomba si lazima akubali yote: kuna nyimbo za msiba au za ukoo ambazo atataka zibaki nyumbani, nazo zibaki. Akikubali, chagua asubuhi, kabla upepo na majirani hawajaamka, mbali na bati na jenereta. Weka simu katika hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama mita moja kutoka kwenye ala, isielekee moja kwa moja tundu la sauti. Rekodi nusu dakika ya majaribio, sikiliza kwa hedifoni, sogeza. Kisha, kabla ya uzi wa kwanza, mwache yeye mwenyewe aseme jina lake, la baba yake, mahali mlipo na tarehe, kwa lugha yake. Maneno hayo usiyakate kamwe, hata mtu akikuambia wimbo unachelewa kuanza.

Mkimaliza, usitume chochote bado. Mpe hedifoni, umwache akae, ajisikilize mpaka mwisho. Inawezekana hajawahi.